Ubuyu: tunda la porini linalosaidia kuongeza damu

Wengi wetu tunauona ubuyu kama kitu cha watoto cha kumumunya. Tunda hili lina kazi kubwa zaidi.

Hapa Malawi mti wa mbuyu huitwa mlambe, na matunda yake malambe. Mibuyu mingi iko sehemu za joto, kama Salima na Mangochi. Tangu zamani watu hutia unga wa ubuyu kwenye uji, hutengeneza juisi, hupika majani machanga kama mboga, na husokota kamba kwa magome yake.

Faida yake ni nini?

Ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito ule ule. Una kalisi pia, ambayo huimarisha mifupa na meno. Chakula chetu cha kila siku ni ugali na maharagwe. Maharagwe yana madini ya chuma yanayotengeneza damu, lakini mwili huyapokea kidogo tu. Vitamini C husaidia mwili kuyapokea zaidi. Kwa hiyo kunywa juisi ya ubuyu pamoja na chakula. Chai iache kwanza, maana ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo.

Namna ya kutengeneza

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Loweka ubuyu katika maji yaliyochemshwa na kupoa.
3. Koroga mpaka unga utoke kwenye mbegu, kisha chuja.
4. Usichemshe juisi, kwani moto huharibu vitamini C. Kama ni uji, utie unga baada ya kuuepua.

Tahadhari

- Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake.
- Watoto wadogo wasipewe ubuyu wenye mbegu, wanaweza kupaliwa.
- Wazee wetu hutumia ubuyu kwa homa na kuhara. Lakini ubuyu hautibu malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kliniki siku hiyo hiyo. Anayehara apewe maji ya ORS na aendelee kunyonya.
- Mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu kwa sababu anakunywa ubuyu.

Ukiona mtoto ana viganja vyeupe, anachoka haraka au anahema kwa shida, usingoje. Mpeleke kliniki mara moja.

Ubuyu ni chakula, si dawa. Tuutumie vizuri.