Mafuta Yaliyomo Ndani ya Transfoma

Juu ya nguzo za umeme, mijini na mashambani, huonekana sanduku la chuma ambalo wapita njia hawalijali. Hiyo ndiyo transfoma. Nchini Kenya nyingi hupokea umeme wa volti 11,000 na kuupunguza hata uwe wa volti 240 zifaazo nyumbani. Ndani yake mna nyaya zilizofungwa karatasi, nazo zimezamishwa katika mafuta yatokanayo na mafuta ya ardhini.

Mafuta hayo huzuia umeme usiruke kutoka waya hadi waya, tena huchukua joto la nyaya na kulipeleka kwenye kuta za sanduku lipate kupoa.

Adui wake mkubwa ni maji. Transfoma ikipata joto mafuta huvimba; ikipoa hunywea, na hewa ya nje huvutwa ndani pamoja na unyevu wake. Ndiyo sababu zile kubwa huwekewa chupa ya chembechembe za kukausha hewa. Za aina moja huwa buluu zikiwa kavu, na zikilowa hugeuka rangi ya waridi, hata fundi mwanagenzi hahitaji kuambiwa zaidi. Vijiko viwili vya chai vya maji katika pipa la lita 200 hutosha kuyadhoofisha mafuta, hasa yakiwa na vumbi au nyuzi za karatasi.

Joto nalo huharibu polepole. Mafuta ya moto yakichanganyika na hewa hufanya asidi, kisha tope zito ligandalo juu ya nyaya na kuziba njia za kupozea. Basi joto huzidi. Karatasi ikichakaa, hakuna dawa ya mafuta iwezayo kuirudisha.

Mafundi hupima mafuta kwa kuyatia katika kikombe chenye vichwa viwili vya madini vilivyoachana milimita 2.5, wakiongeza umeme mpaka cheche iruke. Ikiruka mapema, mafuta hupashwa moto kiasi cha digrii 60, huchujwa, na hupitishwa katika tangi lililovutwa hewa ili maji yatoke kama mvuke. Asidi huondolewa kwa udongo maalumu uinyonyao.

Wako wezi wayanyonyao mafuta haya na kuyauza kwa wakaangao chakula. Hayo si mafuta ya kula, na ya transfoma kuukuu huweza kuwa na PCB, sumu iliyotiwa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ili ikomeshwe. Transfoma iliyonyonywa nayo huungua, na zahanati iliyoitegemea hubaki gizani.