Viungo Vinapouma kwa Sababu ya Dawa

Leo tutazungumza habari za mama aliyetibiwa saratani ya titi, ambaye sasa anameza kidonge kimoja kila siku.

Kidonge hicho kina kazi gani? Saratani nyingi za titi hulishwa na homoni ya kike iitwayo estrojeni. Hata baada ya hedhi kukoma, mwili huendelea kutengeneza estrojeni kidogo. Vidonge kama anastrozoli na letrozoli huzuia kazi hiyo, na saratani hukosa chakula chake. Kwa kawaida humezwa miaka 5. Wengine humeza zaidi.

Lakini estrojeni ikipungua, viungo huweza kuuma. Asubuhi vidole vimekakamaa, havikunji ngumi. Magoti yanauma ukiinuka. Jirani atasema, "Hiyo ni baridi yabisi." Sikiliza vizuri, mama: yaweza kuwa ni dawa. Ni jambo la kawaida, wala peke yake si dalili kwamba saratani imerudi.

Basi, ufanye nini?

Kwanza, usiache vidonge kwa siri. Ukiviacha, hatari ya ugonjwa kurudi huongezeka. Mwambie daktari. Pengine atakupumzisha majuma machache, kisha atakupa kidonge cha aina nyingine.

Pili, tembea. Huko Marekani wanawake 121 wenye maumivu haya waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi mwaka mzima: dakika 150 kwa juma, hasa kutembea kwa haraka, na kunyanyua vyuma mara 2 kwa juma. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Maumivu yao makali yalipungua kwa asilimia 29 hivi. Kundi la pili halikupata nafuu. Anza na dakika 10, uongeze polepole.

Tatu, asubuhi tia mikono katika maji ya vuguvugu, ukunje na kukunjua vidole.

Nne, uliza kabla ya kununua dawa za maumivu. Baadhi yake hudhuru tumbo na figo.

Lakini mfupa mmoja ukiuma siku nyingi bila kupoa, au mguu mmoja ukivimba, nenda hospitali upesi.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini viungo vya mama huyu vinauma?
2. Akitaka kuacha vidonge, amwambie nani kwanza?
3. Mazoezi gani unaweza kuanza kesho?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.