Usingizi wa Ijumaa Haulipi Deni Lote

Katika siku za mavuno ya karafuu huwa hatuna usiku. Tangu asubuhi watu wamo juu ya mikarafuu, magharibi wanarudi na magunia, na baada ya chakula huanza kazi ya kuchambua, nayo haingoji, kwani karafuu mbichi ikilala ndani ya gunia na makonyo yake huvunda ikaharibika rangi. Mara saa sita ya usiku imepita. Alfajiri mwadhini anaadhini, na watu wako macho tena. Hivyo hivyo tangu Jumamosi mpaka Alhamisi, na kila mmoja ajisemea moyoni: “Nitalala Ijumaa.”

Tumeona yafaa kuwaeleza wanachama deni hilo hulipika kiasi gani, maana wengi wetu twadhani hulipika lote.

Mtu mzima ahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Anayelala saa 5 kwa masiku sita amepungukiwa saa 12. Ijumaa akilala saa 10, amelipa 3 tu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili aiweza. Lakini mwili haudai saa kwa saa. Katika mwezi wa Januari 1964 kijana mmoja wa San Diego, Marekani, Randy Gardner, alitimiza saa 264 bila kulala. Usiku wa kwanza alilala kiasi cha saa 14 tu. Mwili hujilipa sehemu ya deni kwa kulala usingizi mzito zaidi.

Tena huko Sweden, wataalamu waliwafuatilia watu zaidi ya 43,000 kwa miaka 13, na mwaka 2018 wakatoa habari zao. Wenye umri wa chini ya miaka 65 waliolala kidogo siku zote walikufa kwa wingi zaidi. Waliolala kidogo siku za kazi wakarefusha usingizi siku za mapumziko hawakuonekana na hatari hiyo. Basi kulala Ijumaa si uvivu, na wazee wanaowaamsha vijana kwa makelele siku hiyo wawaache kidogo.

Lakini mwaka 2019, huko Colorado, Marekani, vijana wenye afya waliwekwa walale saa 5 siku za kazi, wakaachiwa walale watakavyo siku mbili, kisha wakarudishwa kwenye saa 5. Miili yao ilishindwa kutumia vizuri insulini, ile inayoondoa sukari katika damu. Siku mbili zile hazikuwakinga.

Linalotutia hofu zaidi ni jingine. Mwaka 2003, huko Philadelphia, waliolala saa 6 kwa masiku 14 walipimwa, wakaonekana umakini wao umepungua kama wa mtu aliyekesha usiku mmoja au miwili. Nao wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Mtu wa namna hiyo ndiye apandaye mkarafuu siku ya Jumatano, tawi limelowa umande. Ukimwuliza atakwambia, “Mimi mzima kabisa.” Wala hasemi uwongo, hajui.

Sisi wenyewe hatukusalimika. Msimu mmoja, usiku wa tano, tulimwandikia mama mmoja pishi 12 badala ya 21, tukafunga daftari kwa amani kabisa. Kesho yake alikuja kwa upole kutuuliza. Alilipwa haki yake, kwa kuwa kosa la daftari husahihishika. Aangukaye mtini hana pa kwenda kuuliza.

Twashauri wapandaji waache kuchambua saa nne ya usiku, wasiopanda wamalizie. Baada ya adhuhuri mtu ajinyoshe kivulini nusu saa, ile kailula ya wazee wetu, kabla hajapanda tena. Ijumaa aongeze saa moja au mbili, asilale mpaka adhuhuri, kwani usiku atakosa usingizi na Jumamosi ataianza na deni jipya. Penye watu wachache zamu ni ngumu, twajua. Hapo ni heri kuteremka saa tisa, uchambuzi uanze mapema, ijapokuwa pishi zitapungua.

Wanachama waliokwisha kupanga zamu mashambani mwao watuletee habari ofisini, nasi tutazichapa katika toleo lijalo.