Salamu za Jirani Zisizunguke Ulaya

Mtu atokaye Kisangani kwenda Buta hufika Banalia, akauvuka mto Aruwimi. Je, tungemwonaje kama angesafiri kwanza mpaka Ulaya ili afike ng'ambo ile anayoiona kwa macho yake? Walakini ndivyo zisafirivyo habari nyingi za intaneti katika Afrika yetu. Mzazi wa Banalia ampelekeapo salamu mwanawe asomaye Kampala, mara nyingi salamu hizo huvuka bahari, zikageuzwa Ulaya, ndipo zirudi. Nauli ya mzunguko huo huingia katika bei tuilipayo sisi.

Dawa yake yajulikana. Ni nyumba moja ambamo makampuni ya intaneti huunganisha nyaya zao, yakapokezana habari kama watu wapokezanavyo mizigo sokoni. Wakenya waliifungua nyumba ya namna hiyo mjini Nairobi mwaka 2000. Kampuni ya simu ya taifa ililalamika kwamba haki yake imevunjwa, na nyumba ile ikafungwa. Ikafunguliwa tena mwaka 2002. Katika nchi yetu, Kinshasa, Lubumbashi na Goma zimepata nyumba zao.

Lakini soko lisilo na njia ya kufika kwa jirani halitoshi. Yapasa nyaya zivuke mipaka, na serikali zipatane juu ya ruhusa na kodi. Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tulio majirani, mbona tusisalimiane moja kwa moja?