Kano ya Goti Ikikatika: Kupasuliwa ao Kungoja?

Ukiwa kijana wa kucheza mpira, ao ukiwa mzazi wa kijana wa namna ile, inafaa goti lizungumzwe nyumbani mbele ya ajali, sio nyuma yake. Karibu kila kiwanja chetu kina mtu ambaye watu wanasema juu yake: «Ule angefika mbali, kama si goti.» Na wengi kati yao hakuna aliyewagonga. Walikimbia, wakageuka kwa haraka, mguu ukabaki udongoni na mwili ukazunguka. Wakasikia «pa!» ndani ya goti. Ni ile tu.

Ndani ya goti kuna nini?

Goti linaunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Linashikwa na kano kubwa nne: moja kila upande, na mbili katikati zinazopitana kama msalaba. Kwa ile watu wanaziita kwa Kifaransa «croisés». Kano ya msalaba ya mbele ndiyo inasumbua zaidi wachezaji wa mpira. Kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze mbele, na goti lisizunguke vibaya. Kati ya mifupa kuna tena mito miwili midogo, meniski, inayosaidia kubeba uzito. Mara nyingi kano ikikatika, meniski nayo inapasuka.

Angalia dalili hizi: sauti ndani ya goti, uvimbe mkubwa katika saa chache, na goti kukosa nguvu ya kukubeba. Nyuma ya majuma mawili ao matatu uvimbe unashuka, maumivu yanapungua, kijana anasema: «Niko muzima.» Hapa njo mtego. Anarudi kiwanjani, anageuka mara moja, goti linamwacha. Kila mara linapomwacha, linaumiza meniski na gegedu, ile sehemu laini inayofunika miisho ya mifupa. Vile kijana anaweza kupata goti la mzee mbele ya miaka 40.

Siku ya kwanza

Acha mchezo papo hapo. Weka barafu iliyofungwa katika kitambaa, funga goti kwa bandeji isiyobana sana, inua mguu. Usikande kwa maji ya moto, wala usikubali mtu avute ao akunje goti kwa nguvu.

Kisha uende kwa mganga wa hospitali. Na ujue neno hili: picha ya radio inaonyesha mifupa, haionyeshi kano. Wengi waliambiwa «radio ni nzuri» wakafikiri hakuna kitu. Mganga mzoefu anaweza kutambua kwa mikono yake: anakunja goti kidogo, anashika paja, anavuta muundi mbele, anasikia kama kuna kitu kinachoushika. Picha ya IRM inahakikisha, na inaonyesha hali ya meniski pia.

Njia ya kwanza: mazoezi bila kisu

Watu wengi wanafikiri kano ikikatika ni lazima kupasuliwa. Sivyo kwa kila mtu. Katika Sweden waganga walifuata watu 121 wenye umri wa kijana, wenye kucheza michezo lakini si wa kulipwa. Kundi moja lilipasuliwa mapema. Kundi la pili lilianza na mazoezi, na kupasuliwa kuliachwa kwa wale ambao goti lao lingeendelea kuwasumbua. Nyuma ya miaka 5, karibu nusu ya kundi la pili walikuwa wamepasuliwa, na nusu hawakupasuliwa. Na hali ya magoti ya makundi mawili haikuachana sana. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2010 na 2013.

Maana yake nini kwako? Kama kazi yako haikulazimishi kugeuka kwa haraka, na kama unafanya mazoezi ya kutia nguvu misuli ya paja kwa miezi mingi, unaweza kuishi vizuri bila kisu. Lakini mazoezi yenyewe ni dawa. Kukaa tu nyumbani na kungoja, ile sio njia ya kwanza. Ile ni kuacha goti.

Njia ya pili: kushona kano yenyewe

Habari hii inatugusa sisi watu wa migodi. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana kushonwa kano za msalaba alikuwa mchimbaji. Mwaka 1895, katika mji wa Leeds, Uingereza, mganga Arthur Mayo Robson alimpasua mchimbaji wa miaka 41 aliyeumia goti kwa kuangukiwa na udongo mgodini. Alishona kano zote mbili. Miaka 6 nyuma, yule mtu alikuwa anatembea bila kuchechemea.

Hata hivi, wengi waliofuata hawakupata heri ile. Mwaka 1976 waganga wa jeshi la Marekani walionyesha kwamba magoti mengi yaliyoshonwa yalikuwa mabaya tena nyuma ya miaka 5. Juu ya nini? Mwili unaponya kidonda kwa kugandisha damu kwanza. Lakini ndani ya goti kuna maji yanayolilainisha, na maji yale yanaondoa damu mbele haijaganda. Kano haina kitu cha kujishikizia.

Siku hizi kuna jaribio jipya. Mganga Martha Murray wa Boston na wenzake walitengeneza kitu kama sifongo, kinalowanishwa na damu ya mgonjwa mwenyewe na kuwekwa kati ya vipande vya kano. Serikali ya Marekani ilikiruhusu mwezi wa Desemba 2020. Lakini wakati ule kiliruhusiwa kwa jeraha jipya tu.

Njia ya tatu: kuweka kano nyingine

Ndiyo inayotumiwa zaidi kwa wachezaji. Mganga anatoboa mifupa miwili na kupitisha kano iliyotolewa penye mwili wa mgonjwa: ama mbele ya goti, chini ya kifuniko chake, ama nyuma ya paja, ama juu ya goti. Ya mbele inashika vizuri sana, lakini inaweza kuleta maumivu wakati wa kupiga magoti. Fundi ama mchimbaji anayefanya kazi akipiga magoti aulize neno hilo. Ya nyuma ya paja inapunguza kidogo nguvu ya musuli ule. Kuna tena kano za watu waliokufa, lakini kwa vijana zinakatika zaidi.

Kano mpya haiko na nguvu zake mara moja. Katika miezi ya kwanza inalegea, wakati mwili unaipelekea damu. Kwa hiyo usirudi kiwanjani mbele ya miezi 9, hata kama unajisikia vizuri. Wanaoharakisha wanaumia tena mara nyingi zaidi.

Angalia Yannick Bolasie, aliyechezea timu yetu ya taifa. Tarehe 4 Desemba 2016 alikatika kano hiyo akiichezea Everton juu ya Manchester United. Alikosa Kombe la Afrika la 2017 katika Gabon. Alirudi kucheza tarehe 26 Desemba 2017: mwaka mzima na siku 22. Yeye alikuwa na waganga, mashine na mshahara. Kama yeye alingoja hivi, wewe unaharakia nini? Na uvumilivu ulimlipa: mwaka 2024 alikuwa angali anacheza, katika Brazil, kwa timu ya Criciúma.

Mbele ya kuuza kitu

Wazazi, mbele ya kuuza kiwanja ama mashine ya kushona kwa ajili ya kupasuliwa, mwulizeni mganga maneno manne. Goti linamwacha kijana ama hapana? Meniski iko namna gani? Utatoa kano wapi? Na baada ya kisu, nani atamfundisha mazoezi, mara ngapi kwa juma, kwa bei gani? Neno la nne ndilo linalosahauliwa. Feza ikiisha mlangoni mwa chumba cha kupasua, kazi imefanywa nusu.

Na ninyi makocha: kuna mazoezi ya dakika 20 yanayoitwa FIFA 11+, ya kukimbia, kuruka na kutua vizuri, magoti yasiingie ndani. Hayaombi kifaa isipokuwa mpira. Katika Norvège, timu za wasichana zilizoyafanya zilipata majeraha machache kwa karibu theluthi moja. Wasichana wanahitaji zaidi, kwa maana kano hii inakatika kwao mara nyingi kuliko kwa wavulana. Yafanyeni angalau mara mbili kwa juma. Dakika 20 ni kidogo kuliko miezi 9.