Tatizo la Kupima Utelekezaji wa Watoto katika Tafiti za Mafunzo ya Malezi

Makala haya yanafafanua kwa nini mafunzo ya malezi yanayopunguza vipigo hayapaswi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa yanazuia utelekezaji. Kipigo ni tendo, hivyo huweza kuhesabiwa. Utelekezaji ni kukosekana kwa tendo: mlo usiotolewa, au mtoto mgonjwa asiyepelekwa zahanati.

Tofauti hiyo ilidhihirika katika utafiti wa programu ya Sinovuyo Teen, uliofanyika katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018. Utafiti ulihusisha familia 552 kutoka maeneo 40 yaliyogawanywa kinasibu katika makundi mawili. Kundi la majaribio lilipatiwa vikao 14 kwa walezi na vijana, vikiwemo vya kupanga matumizi na kuweka akiba. Miezi 5 hadi 9 baada ya mafunzo, walezi walioshiriki waliripoti ukatili na adhabu ya viboko kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Hata hivyo, upungufu wa utelekezaji haukuthibitika kitakwimu, si kwa maelezo ya walezi wala ya vijana.

Matokeo hayo yana funzo kwa watafiti wa Tanzania. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, lakini, kumtelekeza mtoto ni kumwacha na kwenda zako. Mlezi anayeishi na mtoto akiulizwa iwapo amewahi kumtelekeza, atakana kwa dhati, hata kama mtoto huyo hajapata matibabu anayoyahitaji. Kwa hiyo, dodoso linapaswa kuuliza mtoto alikosa nini, lini na kwa sababu gani. Na mtoto mwenyewe aulizwe kando, kwa kuzingatia maadili ya utafiti.

Swali la sababu ndilo lenye uzito zaidi. Mama asiye na nauli ya kufika hospitali na mzazi mwenye uwezo asiyejali huandikwa jibu lilelile: mtoto hakutibiwa. Mafunzo yanaweza kumbadilisha wa pili. Wa kwanza anahitaji nauli. Utafiti usiowatenganisha utayahukumu mafunzo kwa kushindwa kuondoa umaskini, na utamhesabu maskini kuwa mzazi mbaya.