Uhamaji wa Wabantu katika Masomo ya Uzamili

Mwanafunzi wa uzamili achunguzaye uhamaji wa Wabantu hana budi kuanza na hitilafu baina ya Guthrie na Greenberg. Guthrie alihesabu mizizi ya maneno iliyohifadhiwa katika kila lugha. Kibemba na Kiluba vikaongoza, naye akaweka kitovu kusini-mashariki mwa Kongo. Greenberg alitazama lugha zilizo jamaa za Kibantu mpakani mwa Nijeria na Kameruni, akaamua kwamba safari ilianzia huko. Leo wataalamu wengi humfuata Greenberg. Hesabu yenyewe haikuwa na kasoro kubwa. Fasiri yake ndiyo iliyopotoka, kwani lugha huweza kuhifadhi mizizi mingi ingawa wasemaji wake wamehama mbali. Tena, tasnifu isiyotenganisha maneno ya kurithi na ya kukopa huchora njia zilizopitwa na maneno peke yake, pengine kwa biashara tu.